Jogoo Chali

Karakana, 6 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji naye hajambo, na lori lake linatembea au bado linasukumwa? Sisi huku wazima, ukiondoa magoti yangu, ambayo nikiinama kwenye meza ya kazi yanalia kuliko bawaba kavu. Wifi yako anakusalimu sana. Amehamishia cherehani yake barazani, eti vumbi la mbao limemchosha, lakini mimi najua anataka kuona nani anapita na nani kavaa nini. Binti yako wa kwanza, mpwa wangu, tulisikia amefaulu. Mwambie mjomba amefurahi mpaka amekata kidole. Kidogo tu, usishtuke.

Sasa nikueleze habari kubwa. Nimepata kazi ya milango ishirini na minne ya wodi mpya ya wazazi, pamoja na fremu zake. Inatakiwa mwisho wa Juni. Sista mkuu alikuja mwenyewe hapa, akapapasa mlango wa chumba chetu cha kulala, akasema, "Nataka kama huu, unaofunga bila kupiga kelele, maana mama anayejifungua hahitaji mlango wa kumpigia makofi." Nikamwambia utapata.

Unajua nani aliitaka kazi hii? Miwani. Huyu fundi jirani yangu, mwenye miwani iliyokaa kwenye paji la uso mwaka mzima na haijawahi kushuka machoni. Alikwenda ofisi ya hospitali mara tatu na mchoro wa rangi. Mimi nilikwenda mara moja, mikono mitupu, nikapewa. Tangu siku hiyo hanisalimii vizuri, na sikufichi, nalala usingizi mtamu.

Kinachonisumbua ni kimoja, mbao hazipatikani. Nimezunguka maduka yote ya mtaa wa mbao. Rafu zimebaki buibui. Ukimkuta mtu na vipande vinne, bei anayokutajia asubuhi mchana ameshaisahau, anataja nyingine. Wewe unakaa mdomoni mwa msumeno, ndiye mpimaji wa kiwanda cha mbao, kila ubao unapita mkononi mwako kabla haujatoka getini. Niwekee sitini za msonobari, zilizokauka sawasawa. Uzigonge jogoo wa baba kwa ile nyundo ya alama, nizijue kuwa ni zako.

Nakungoja.

Kaka yako


Kiwandani, 2 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa ng'ambo ya daraja wiki mbili pamoja na gunia la barua nyingine, kwa hiyo usininunie. Wote wazima. Mpwa wako anasema pole ya kidole. Barua hii, kama zote zitokazo kiwandani, inapita mezani kwa karani wa ofisi, na karani wetu ana macho marefu, kwa hiyo kabla sijaendelea namsalimu naye pia.

Hongera kwa milango. Nimefurahi kwa kweli. Randa aliyokupa baba je, haijambo? Bado inanyoa vizuri?

Umeuliza mbao, nami nikueleze ilivyo. Miti tunayopasua leo aliipanda baba. Unakumbuka tulivyobeba miche vichwani, wewe ukalia kwa sababu maji ya matope yalikuingia sikioni? Ndiyo hiyo hiyo. Baba alipostaafu, miaka kumi na mmoja mizima haukupandwa hata mche mmoja. Wakubwa walitazama msitu, wakaona umejaa, wakasema kuna haja gani. Sasa tunafika ukingoni mwa miti ya baba, na nyuma yake hakuna kitu. Mbele zaidi kuna miti iliyojiotea, myembamba kama mkono wangu. Msonobari haukui kwa kuharakishwa, kaka, hata meneja aupigie kelele namna gani.

Ongeza mvua. Daraja limekwenda na maji, shemeji yako na lori lake wamelala ng'ambo siku tisa, magogo yanaoza juu ya lori huku wateja wamepanga foleni getini kwetu. Misumeno miwili kati ya mitatu haina meno, na mapya hayajafika. Halafu kuna ninyi wenyewe wa mjini. Mtu akisikia mbao zimeadimika, aliyetaka kumi ananunua thelathini, anazifungia chumbani na kuweka kitanda juu. Kesho jirani yake anafanya hivyo hivyo. Huwa najiuliza ni mbao ngapi ziko chini ya vitanda vya watu.

Kuhusu sitini zako, naomba usubiri mpaka wiki ya pili ya Mei. Usinunue popote. Usiniulize kwa nini.

Mdogo wako


Karakana, 11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mvua huku imepitiliza, wifi yako amerudisha cherehani ndani na sasa ananiangalia mimi badala ya wapita njia.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilijifunza kilimo cha misonobari. Mara ya pili nikatafuta mbao zangu sitini, sikuziona. Nisubiri mpaka Mei, nisinunue, nisiulize. Hivi unazungumza na kaka yako au na mteja wa getini?

Acha niseme kitu ambacho nimekimeza miaka sita. Siku baba alipotuita kugawa vitu vyake, nilijua nyundo ni yangu. Nyundo ile ya alama, yenye jogoo usoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia mbao akigonga. Wewe ulikuwa unacheza na maranda. Mimi ndiye ninayejua alivyokuwa akifanya: ubao ukiwa mbichi, aligonga jogoo chali, miguu juu, yaani upande wa gome la mti, akasema, "Huyu amelala, mwache." Ukishakauka, akageuza nyundo na kugonga kichwa cha pili cha ubao, jogoo wima. Ndipo ubao ulipoguswa na msumeno wa fundi, si kabla. Nilikuwa nasikia ule mlio kifuani. Halafu akakupa wewe. Mbele ya shangazi na kila mtu, akasema, "Nyundo ni ya mdogo." Nikacheka nikapiga makofi, nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa na kuku.

Basi tangu hapo kila nikikuwazia, nakuona umeishika. Umekaa huko, watu wanakubembeleza kwa mbao, na jogoo wa baba yuko mkononi mwako. Na sasa kaka yako mwenyewe unamwambia asubiri. Nakuonea wivu, na nimeona afadhali niseme kuliko kuendelea kucheka na kupiga makofi.

Nijibu haraka.

Kaka yako


Kiwandani, 17 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nilikuwa mgonjwa, kisha karani akawa mgonjwa, kisha barabara. Mpwa wako amerefuka, sare ya shule imekuwa fulana. Wifi anaendeleaje? Na randa ya baba je? Hukunijibu.

Yale ya nyundo tutazungumza tukikaa. Hapa si mahali pake.

Nina neno moja tu, na ulisome taratibu. Ukimkuta jogoo wa baba popote huko mjini, mwangalie miguu kwanza. Wewe unajua kumwangalia kuliko mimi, si ndivyo ulivyoandika? Basi mwangalie.

Na usubiri Mei. Nakuomba kwa mara ya pili.

Mdogo wako


Karakana, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki tano na siku kadhaa sijasikia neno lako. Sisi wazima, sina la kuongeza kuhusu uzima.

Jumatatu nilikuwa nimekaa kwenye meza ya kazi, sina hata ubao wa kutengeneza kigoda, lori likasimama kwa Miwani. Wakaanza kushusha mbao. Nikahesabu mpaka sabini, macho yakaniuma. Nikajifanya nakwenda kuazima patasi, nikapita karibu. Kwenye kila kichwa cha ubao kulikuwa na jogoo. Jogoo wa baba yetu, mdogo wangu! Nyundo yako, mkono wako, kwa Miwani!

Nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya moto mgongoni. Mimi niliambiwa nisubiri, nisiulize, kumbe mbao zinatoka, zinatoka kwako, na zinakwenda kwa yule aliyetaka kuninyang'anya kazi. Aliniambia alikaa foleni getini kwenu siku sita, akilala kwenye turubai. Sikumwamini. Nadhani mnafahamiana. Nadhani amekusifia, maana ana ulimi.

Nilirudi ndani, nikazunguka meza, nikatoka tena. Nikamwambia, "Niuzie sitini." Nilitarajia abishe. Hakubisha hata kidogo, akataja bei, nikalipa, akanisaidia hata kubeba. Nikajua ananiogopa. Mbao zilikuwa nzito nzito, nikasema huo ndio ubora, mbao za baba zilikuwa nzito daima. Nimeanza kukata. Milango itakwisha kabla ya muda, na Miwani atakaa barazani aitazame ikipita.

Kuna hatua nyingine nimechukua kuhusu jambo hili. Sitaieleza hapa. Utaijua.

Kaka yako


Nyumbani, 30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua hii anakuletea shemeji yako kwa mkono wake, na kifurushi hicho kizito. Mpe chakula, amesafiri siku mbili. Haipiti kwa karani, kwa hiyo leo nitasema kila kitu, na wewe kaa chini.

Meneja aliniita ofisini tarehe tano mwezi huu. Barua yako ilikuwa mezani. Alinisomea yote mbele ya karani, mpaka pale ulipomtakia afya njema. Kwamba mpimaji wako ana upendeleo. Kwamba anawapa mbao watu wake na kuwaficha wateja waaminifu. Kwamba chunguzeni, mtaona. Mwandiko wako nilifundishiwa nao kuandika, kaka. Niliutambua kabla hajafungua mdomo.

Wakachunguza. Nyuma ya banda la kunolea misumeno wakakuta rundo la mbao sitini, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, zimefunikwa bati juu. Pembeni palikuwa na chaki, "KAKA". Hizo zilikuwa zangu. Nilizinunua Desemba kwa dari ya nyumba yetu, maana tunalala tukiangalia bati. Ulipoandika kuhusu wodi, nikamwambia mume wangu dari ingoje. Kila jioni nikitoka kazini nilikwenda kuzigeuza. Zilikuwa zimebakiza wiki moja nizigonge jogoo wima. Meneja akasema hakuna mfanyakazi kuweka mbao uani wakati wateja wako foleni. Akanirudishia pesa yangu, akazipakia kwa mteja aliyekuwa wa kwanza siku hiyo. Mtu mmoja mwenye adabu, miwani juu ya paji la uso. Alikuja kwa mara ya pili. Alizigonga moja moja kwa kidole, akasikiliza, akatabasamu.

Sasa nikuambie ambacho sikuweza kuandika. Tangu Januari kiwanda kinauza mbao mbichi. Watu wanalia getini, hakuna wa kungoja zikauke, na meneja aliniagiza nigonge kila ubao ili uonekane umepimwa. Kukataa niliogopa. Nikazigonga zote jogoo chali. Nilijisemea kwamba mwenye kujua atajua. Wanaojua tulikuwa wawili tu duniani baada ya baba. Nilikuwa nakuandikia wewe kwenye vichwa vya mbao, kaka, maelfu ya barua. Wengine wote niliwauzia mbao mbichi nikanyamaza, na hilo litabaki langu.

Miwani hakukuogopa. Alizipima mkononi, akajua zina maji, akamshukuru Mungu kupata mnunuzi.

Nami nina wivu wangu. Mara mbili nimekuuliza kuhusu randa, hukujibu. Mimi sikuitaka nyundo. Nilitaka randa. Nilikuwa nacheza na maranda kwa sababu nilikuwa naokota yaliyotoka mikononi mwako, nikiyanyoosha kuona umenyoa sawa. Baba akasema useremala si wa mtoto wa kike, akanipa nyundo ya kugonga kazi za watu wengine. Nami nilicheka nikapiga makofi siku ile. Hukuniona kwa sababu ulikuwa na kuku.

Kiwandani nimetolewa. Sasa niko kwenye kitalu cha miche, wameanza kupanda tena, wamechelewa lakini wameanza. Mche ni urefu wa kiganja, hakuna pa kugonga. Nyundo sina kazi nayo. Umeitaka miaka sita, hiyo hapo kwenye kifurushi.

Mdogo wako


Karakana, 8 Julai

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Nakutakia uzima wewe na wote mnaolala mkiangalia bati.

Shemeji alikula vizuri. Angenitukana ningepata nafuu. Alipoondoka nilikwenda kwenye vipande vilivyobaki, nikageuza kimoja kwenye mwanga. Miguu ilikuwa juu. Nikageuza cha pili, cha tatu. Wote walikuwa wamelala. Mimi ninayejisifu kwamba nilimshikia baba mbao, nilimwona jogoo nikaona nyundo, nikaona mkono wako, nikaona Miwani. Miguu sikuiona. Barua yako ya Aprili ilifika milango sita imeshakwisha, na nilidhani unanicheka. Nikaichana.

Milango yote niliipeleka mapema, mwisho wa Mei, kabla barua yako haijafika. Nilipita nayo mbele ya Miwani polepole, nikasimama kufunga kamba ambayo haikulegea. Katikati ya Juni sista mkuu akanitumia mtu. Nikaenda. Mlango wa kwanza ulikuwa umejikunja kama karatasi iliyonyeshewa, wa pili umeng'ang'ania fremu, wa tisa unajifungua wenyewe. Wametundika shuka. Kuna mama alikuwa ndani, amegeukia ukutani kwa sababu watu wanapita koridoni wakimwona. Nimeshafanya makosa mengi lakini hilo sitalisahau.

Ningeweza kusema ni kiwanda. Ningeweza kusema mvua. Nilimwambia sista ukweli: nilimwonea wivu dada yangu, nikanunua mbao mbichi, na nikamfukuzisha kazi aliyekuwa ananiwekea kavu. Akasema, "Fundi, mimi nilitaka mlango tu." Kisha akanipa mpaka Oktoba, kwa sharti kwamba mashuka ninunue mimi, mazito. Wifi yako ameyashona yote, barazani, kila mpita njia akiona, na wewe unamjua alivyo.

Nimeing'oa milango yote. Nimeifungua vipande, nimevipanga uani kwa vijiti, bati juu, kama ulivyopanga wewe. Vingi vitanyooka vikikauka, nitavipiga randa upya. Vya kuziba upungufu nilikwenda kumwomba Miwani. Ndiyo, mimi. Ameniuzia kumi katika zile sitini zako, kwa bei aliyonunulia. Akaishusha miwani machoni, mara ya kwanza naiona imeshuka, akasema, "Dada yako anajua kukausha mbao." Wivu ukanichoma tena, palepale, nikiwa namshukuru. Sijapona, nakuambia usije ukadhani nimepona. Kwenye kumi hizo chaki yako bado ipo kwenye mmoja. Huo sitaukata.

Umeniuliza mara mbili, na mara zote mbili nikaruka mstari kama siuoni. Randa haijambo. Mpini umepasuka kidogo upande wa kushoto, kwa sababu baba alikuwa wa mashoto na mimi si wa mashoto, miaka yote hii inanichubua. Wewe ni wa mashoto. Sijui kwa nini hilo nimelifikiria wiki iliyopita tu. Labda naye baba hakulifikiria.

Nyundo niliishika jioni moja tu. Nilitaka kusikia ule mlio. Nilipiga mara moja, juu ya mlango wa karakana, mahali ambapo kila anayeingia lazima amwone. Jogoo chali. Wateja wananiuliza nimekosea au vipi, nawaambia hapana, fundi bado ana maji ndani.

Kisha nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kwenye meza ya kazi, kando ya randa. Sizitumi kwa lori. Mbao zitakuwa kavu katikati ya Septemba, na kazi ya kitalu, shemeji ameniambia, husimama wiki tatu mvua zikichelewa. Njoo. Wewe utanyoa milango, mimi nitaokota maranda niyanyooshe nione kama umenyoa sawa. Tukimaliza, utagonga mwenzake yule wa juu ya mlango, upande wa pili, wima, ukiona anastahili.

Usipokuja, nitamwacha alivyo.

Kaka yako